Uliza Ujibiwe: Baiskeli za "borrow", gesi inayosikika na dada wa XL

Mwezi huu barua zimenizidi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti, kwamba kiingereza kina maneno matatu manne ya kitu kimoja sasa mtu abebe lipi. Nimechagua sita. Waliouliza tofauti ya "their" na "there" mnisamehe, hiyo nshaijibu mpaka vidole vimeota sugu.

SWALI: Assalaam alaykum. Nna baiskeli 11 hapa Paje nakodisha wageni. Nilimpa kijana fundi wa mabango aniandikie kibao, akaandika BICYCLES FOR BORROW, nami kiingereza changu cha sokoni nikaona sawa. Juzi wakaja mume na mke, wakachukua mbili toka asubuhi mpaka karibu na magharibi, wakazirudisha, wakashukuru sana, yule mama akanipa na maembe mawili, wakaondoka zao. Nikawafata kudai pesa wakashangaa kwelikweli. Walilipa lakini wamenuna. Sasa kuna aloniambia niandike hire, mwengine rent, mwengine lease. Nishike lipi? – Mwenye baiskeli, Paje

JIBU: Waalaykum salaam kaka. Wageni hawana kosa, wamesoma walichoandikiwa. "Borrow" ni kuazima, na kitu cha kuazima hakilipiwi, unaazima ungo kwa jirani ukimaliza unarudisha na asante juu. Kwahiyo siku nzima wale watu walikuwa wanajua wamekutana na Mzanzibari mkarimu anayeazima watu baiskeli, na kwa baiskeli ya bure maembe mawili ni shukrani nzuri tu.

Ila fundi nae nimtetee kidogo. Kiswahili chetu neno kuazima linakwenda pande zote mbili, nikisema nimeazima sufuria kwa jirani maana yake nimechukua, nikisema niazime sufuria maana yake nipe, yani mtoaji anaazima na mchukuaji anaazima. Mwingereza hapo kapasua katikati, anayechukua ana neno lake "borrow" na anayetoa ana lake "lend". Ndo maana shule nzima unasikia "borrow me your pen", mtoto hajakosa akili, katafsiri "niazime kalamu" kama alivyoisikia kwa mama yake. Na hatuko peke yetu, Wajerumani wana "leihen" yao nayo inakwenda kote kote, na wao wanatumbukia shimo hilohilo. Mi huwa najiuliza tu, kitu kinakuja kwangu au kinatoka kwangu? Kinakuja, "borrow". Kinatoka, "lend". Kwenye hela sisi tuna raha maana kukopa na kukopesha zimeshajitenga zenyewe, sema ajabu yao ni kwamba hata mkopo wa benki wenye riba wanauita "borrow" vilevile, hapo usitafute mantiki.

Sasa ya kulipia. Mwingereza vitu vya muda mfupi, baiskeli, gari, suti ya harusi, hema na viti, anasema "hire", nyumba na chumba ndo "rent". Mmarekani hata gari na baiskeli anasema "rent", na kwake "hire" zaidi ni kumwajiri mtu. Ukiandika BICYCLES FOR HIRE wote watakuelewa, ukiandika BIKE RENTAL pia wote watakuelewa, mi ningechukua ya kwanza kwa sababu "bike" watu wengine wanaielewa pikipiki. "Lease" waachie wenye mikataba ya miezi na miaka, ya ardhi na magari ya ofisi, mtu hasaini "lease" kwenda kuangalia bahari. Kuna na "let" ambayo Waingereza wanaitumia kwa nyumba za kupangisha, London ukipita mitaani unaona vibao TO LET na kila mtaa haukosi mtundu aliyechomeka I katikati.

Na usidhani wao hawana "azima" yao. "I rent a house in Paje", niambie hapo anayesema ni mpangaji au mwenye nyumba? Hujui. Inabidi mwenye nyumba aongeze "out" ndo ijulikane. Haya, chini ya hilo neno jipya weka bei kwa saa na bei kwa siku, maana tarakimu haina visawe.

SWALI: Habari yako. Nafanya kazi za ndani Doha mwaka wa pili sasa. Wiki iliyopita nilisikia harufu ya gesi jikoni nikamwambia bosi, "Madam, I hear gas." Akaja akainamisha sikio kwenye jiko akasema yeye hasikii kitu, akarudi sebuleni. Nikamfata tena, "I hear the smell", akacheka mpaka akakaa chini. Nkaenda nkafunga mtungi mwenyewe. Mfilipino wa nyumba ya pili kaniambia ni "I smell", lakini mi hiyo nliwahi kuisema zamani watu wakaniangalia vibaya wakasogea mbali nami. – Dada wa Tanga, Doha

JIBU: Dada yangu kwanza hongera kwa kufunga mtungi, hiyo ndo lugha iliyokuwa inatakiwa saa ile.

Sisi kusikia kwetu ni kugumu kukutafsiri kwa sababu kumebeba mengi. Unasikia mziki, unasikia harufu, unasikia njaa, baridi, usingizi, maumivu, na pilipili ulimini unaisikia. Mwingereza kila mlango wa mwili kaupa kitenzi chake. Sikio "hear", pua "smell", ulimi "taste", na yale yote ya mwilini na moyoni "feel". Kwahiyo "nasikia homa" inakuwa "I feel feverish", na njaa wala haihitaji kitenzi chochote cha kusikia, unasema "I'm hungry" basi. Bosi wako aliposikia "hear" akapeleka sikio, angefanyaje sasa, neno ndo limemtuma huko.

Na wale waliosogea mbali nawe, kosa lilikuwa ni kuweka nukta mapema. "I smell gas", nasikia harufu ya gesi. "I smell" ukaishia hapo, nanuka. Tena bora uzoee "I can smell gas", ile "can" inaonyesha kabisa kwamba pua ndo inafanya kazi na sio kwapa. Kumwambia mwenzio "you smell" ndo usithubutu, labda umeshapata tiketi ya kurudi Tanga.

Ila kwenye hatari achana na sarufi. "Gas! Gas leak!" kwa sauti, mlango wazi, swichi usiguse, hata mtoto anaelewa. Na unajua gesi yenyewe ya kupikia haina harufu? Ile harufu ya kama yai viza huwa wanaiweka makusudi kiwandani ili pua za watu kama wewe zifanye kazi, alafu wewe pua imefanya kazi na kitenzi ndo kimegoma.

SWALI: Mi nimemaliza chuo nipo Mwanza, nimeshaomba kazi mpaka nimechoka. Rafiki yangu kasema barua yangu ya kiingereza ni nyepesi mno niweke maneno mazito, nikaingia kwenye simu kutafuta visawe. Mwanzo niliandika "I am writing to ask for the job of store keeper and I am ready to start". Sasa hivi inasomeka "I hereby solicit the vocation of store custodian and I am avid to commence". Naomba uniambie kama imekaa vizuri kabla sijaituma. – Mhitimu, Mwanza

JIBU: Usiitume. Mdogo wangu nakuomba, usiitume hiyo.

Barua yako ya kwanza ilikuwa inahitaji marekebisho mawili tu, "apply for" badala ya "ask for", na "storekeeper" kuiunganisha. Hii ya pili umelipa nauli kubwa ukashushwa nje ya mji. "Solicit" ukiikuta kwenye sheria za Uingereza ni kosa la wanaosimama barabarani usiku kutafuta wateja, unaijua biashara ninayoisema. "Vocation" ni wito, padri anao, nesi aliyeumbiwa unesi anao, ila stoo ya simenti sijui kama humwita mtu. "Custodian" kwa Mmarekani mara nyingi ni yule anayedeki shule na kubadilisha balbu. "Avid" inakaa na "reader", mtu wa kusoma sana, haikai na "to commence". Na "commence" yenyewe, hii ndo ntakaa nayo kidogo kwa sababu haina kosa, ina makazi yake.

Kiingereza kilipataje maneno mawili mawili? Mwaka 1066 alitoka bwana mmoja William kule Normandy, Ufaransa, akavuka bahari akampiga mfalme Harold pale Hastings akakalia kiti. Yeye na watu wake wakaja na kifaransa chao, kikawa lugha ya ikulu, ya mahakama, ya wenye ardhi, vizazi na vizazi, mpaka 1362 ndo ikatungwa sheria kwamba kesi zisikilizwe kwa kiingereza kwa sababu watu walikuwa wanahukumiwa kwa lugha wasioijua. (Sisi tuliosoma sheria za nchi zetu kwa kiingereza tukae kimya hapo.) Basi maneno ya wakulima yakabaki chini na ya mabwana yakapanda juu, na mpaka leo ukisikiliza vizuri unaisikia ile harufu, umeona na mi naisikia. "Begin" ni ya shamba, "commence" ni ya ikulu. "Ask" ni ya shamba, "demand" imetoka ng'ambo. Mnyama akiwa zizini ni "cow", "sheep", "pig", akifika mezani anavaa jina la kifaransa, "beef", "mutton", "pork". Mbuzi hakupata jina la mezani lililodumu, kwa hiyo akipikwa anabaki "goat" vilevile, na mi kama mla mbuzi hilo huwa linaniuma.

Usione ajabu, hata sisi tunao utaratibu huo. Kufa ni neno la kibantu, kufariki limetoka uarabuni, na maana ni ileile. Sasa mwambie mtu, "Jana mbuzi wa jirani amefariki." Atakuuliza mazishi saa ngapi. Neno halina kosa lolote la sarufi ila limevaa suti likaingia zizini. Hivyohivyo ndo afisa wa HR anavyosikia mtu anaposema ata-"commence" kuhesabu misumari. "Commence" iache kwenye mikataba ya ujenzi na mwenendo wa kesi, wewe unaanza kazi, "start".

Andika: "I am writing to apply for the position of storekeeper. I can start immediately." Alafu nafasi iliyobaki eleza umewahi kutunza stoo ya nini, mzigo wa kiasi gani, na uliiandika kwenye daftari au kwenye kompyuta, maana hicho ndo wanachotafuta.

SWALI: Niaje. Mi ni Mkenya niko shule huku Minnesota. Nilimwambia msichana wa darasani kwetu usiku, "Let me escort you to the bus stop", wenzake wakapasuka kicheko na yeye akaenda peke yake. Nyumbani kila mtu anaongea hivyo. Shida ni gani? – Wa Kisii, Minnesota

JIBU: Shida ni kusindikiza, ndugu yangu. Hiyo heshima yetu ya kumtoa mgeni mpaka njiani haina neno zuri kule, "escort" wanayoijua ni ya pikipiki za polisi mbele ya gari la rais, na ile nyingine ya wanawake wa kulipwa. Sema "I'll walk you to the bus stop". Mtu anayesafiri unayempeleka mpaka airport unam-"see off". Na ukiwa ndani ya basi usimwambie dereva "I want to alight", watakuelewa ila watafikiri umetoka kwenye filamu ya zamani, "get off" inatosha.

SWALI: Simu yangu nikiandika "kubwa" inanipa big, large, great, huge. Sisi kwetu tuna mfadhili wa ng'ambo anayetulipia shule, nikamwandikia kwamba mzigo ataupokea "my large sister". Mzigo ulipofika ulikuwa na nguo za dada pia, zote XL. Dada ana kilo 48. Amenuna mpaka leo. Nitajuaje neno la kweli ni lipi kati ya hayo? – Kidato cha tatu, Eldoret

JIBU: Mwombe dada radhi, alafu nguo zipelekwe kwa fundi zipunguzwe maana kitambaa kilichozidi ni bora kuliko kilichopungua.

"Large" ni kipimo, ni neno la tepu na la mizani, la shati na la chumba. Umri wa ndugu ni "big sister", au kwenye barua uandike "older sister" ndo salama kabisa. "Great sister" ni dada mwenye sifa zake nzuri. "Huge sister" ukimwandikia mfadhili ataleta hema.

Sasa utajuaje, hapo ndo umeuliza swali lenyewe. Kamusi ya simu inakupa majina ya wageni wote waliokuja kwenye harusi, haikwambii nani kaja na nani. Mwingereza mmoja mtaalamu wa lugha, J. R. Firth, aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wale linaotembea nao, na mi kwa miaka yote ya kutafsiri sijapata kanuni nyingine iliyonisaidia kama hiyo. Angalia sisi wenyewe na kupiga. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, picha, deki, hodi, chafya, miayo, na hakuna aliyepigwa hata mmoja. Mgeni akikuuliza kwanini pasi inapigwa utamjibu nini? Ndo inavyotembea tu. Basi na mvua kubwa kule ni "heavy rain", sio "big rain", wakati upepo mkali ni "strong wind" na chai iliyokolea majani ni "strong tea", na mvua na upepo vimetoka wingu moja.

Fanya hivi. Usiishie kwenye kamusi ya kiswahili kwenda kiingereza. Chukua lile neno la kiingereza ulilopewa, nenda nalo kwenye kamusi ya kiingereza kwa kiingereza ya wanafunzi, ruka maana, soma mifano. Ukikuta mfano wa "large" na "room", "large" na "number", na hujakuta hata mmoja wa "large" na "sister", ushajua. Hizo kamusi za wanafunzi zilitengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi, sio kwa Mwingereza. Aliyeitoa ile iliyokuja kuwa maarufu ya Oxford, A. S. Hornby, alikuwa mwalimu wa kiingereza Japani, na ilichapwa kwanza Tokyo mwaka 1942, tena nchi hizo mbili zikiwa vitani, Oxford wenyewe wakaja kuitoa 1948. Makosa ya wanafunzi wa Kijapani ndo yametuandikia ile mifano. Yako ya XL nayo ingefaa iwemo.

Na wao pia wanateseka kwetu usijali. "Rice" moja tu wanayo, wakija huku wanakuta mpunga shambani, mchele dukani, wali sahanini, nimeshamsikia mzungu mgahawani anaagiza mpunga na maharage, mhudumu akaandika bila kucheka, nikamheshimu sana yule mhudumu.

SWALI: Mwanangu habari za kazi. Mimi ni bibi wa miaka 71, naishi na mwanangu hapa Leicester. Jirani yangu mzungu, mwanamama wa rika langu, alikuja analia kwamba paka wake "passed away". Nikamwambia sorry, kama tunavyosema pole. Akanijibu, "It's not your fault". Nikarudia sorry, akasema tena sio kosa langu. Mimi nilisema ni kosa langu? Halafu na hilo la paka kufariki nalo lilinishinda, nilijikaza nisicheke. Nisaidie, kwa sababu tunaonana kila siku. – Bibi, Leicester

JIBU: Shikamoo bibi. Hapana hukusema ni kosa lako, ila "sorry" kule inabeba mizigo miwili, samahani na pole, na ukiitupa peke yake wengi wanachukua ile ya samahani. Huku kwetu mtu akijikwaa unamwambia "sorry" hata kama uko ng'ambo ya barabara, kule ukimwambia hivyo atageuka kuangalia kama ni wewe uliyemsukuma. Kumbe dawa ni kuipa mkia. "I'm sorry to hear that", nimesikitika kusikia hivyo, hapo samahani inatoka yenyewe inabaki pole. Kwa msiba wa mtu, "I'm so sorry for your loss". Mtu akianguka usimpe pole, muulize, "Are you all right?", wao pole ya kujikwaa wanaitoa kwa kuuliza. Kumpita mtu dukani "excuse me", ukishamkanyaga ndo "sorry" yenyewe kavu.

Pole na kazi, pole na safari, pole na jua, hizo bibi sijazipatia neno. Nimezitafuta miaka mingi. Ukisema "sorry for the work" ataona kama wewe ndo uliyempa hiyo kazi. Nikiwa na mzungu aliyechoka mi huwa nampa kiti na chai, naona anaelewa.

Kuhusu paka, mi hapo juu nimemwambia kijana wa Mwanza kwamba mbuzi hafariki, na kwa mbuzi sibadilishi. Ila kule paka anafariki bibi, hasa aliyekaa ndani ya nyumba miaka kumi na, na "he died" kwa mwenye paka anayelia inakuwa kali kidogo. Madukani kwao wanauza hata kadi za rambirambi za wanyama, mwambie mwanao akununulie moja. Ndani uandike "So sorry about your cat", na kama jina la paka unalijua, liandike hilo badala ya "your cat".